Macho kumi na mawili ya pembe tano: kusuka, kupanga na kuhesabu kasoro za fuwele kwenye uso uliopinda

Litazame dema, mtego wa samaki wa kusukwa, lililoanikwa pwani ya Mkokotoni, Unguja, au Wete, Pemba. Fito zake zimepita pande tatu zikikatana, na katikati zimeacha macho ya pembe sita, kila jicho likiwa na majirani sita. Ubavu wa dema ni bapa, ndiyo maana macho yanapangana sawasawa kutoka ukingo mmoja hadi wa pili. Sasa chukua fito zilezile, suka kwa mtindo uleule, lakini utake upate tufe. Hulipati. Utapata mkeka, ukiukunja utapata bomba, tufe halifungi mpaka ukubali kuingiza macho ya pembe tano. Ukiwa na macho ya tano na ya sita tu, yale ya tano yatakuwa 12. Tufe liwe dogo kama chungwa au kubwa kama pipa, ni 12 vilevile.

Mwanafizikia anayechunguza fuwele (chembe zilizojipanga kwa mpangilio unaojirudia) yenye unene wa atomu moja, au vijitufe vya plastiki vilivyojipanga juu ya tone la maji, anakutana na sharti hilohilo. Kwenye bapa, chembe za duara zinazobanana hupenda kila moja iwe na majirani sita, kwa sababu hakuna mpangilio unaojaza nafasi zaidi ya huo. Uso ukipinda, baadhi ya chembe hulazimika kubaki na majirani watano, na nyingine huishia na saba. Hizo ndizo kasoro za fuwele. Hapa utazitengeneza kwa mkono, utaziona kwa jicho na utazihesabu kwa namna inayokuonyesha papo hapo kama umekosea. Vifaa vyote vinapatikana soko la Darajani, Chake Chake, duka la dawa na kwa fundi baiskeli.

Hesabu kabla ya mikono

Usiruke sehemu hii. Ndiyo itakayokuambia baadaye kama kosa ni la mkono wako au ni sharti la umbo.

Weka nukta moja kwa kila chembe. Kwenye msuko, nukta inakaa katikati ya kila jicho. Unganisha kila nukta na majirani zake, na uso wote utagawanyika kuwa pembetatu. Iite idadi ya nukta V, ya mistari E na ya pembetatu F. Kanuni ya mwanahisabati Euler inasema kwamba kwenye uso uliofungwa kama tufe, V − E + F = 2. Kila pembetatu ina mistari mitatu, na kila mstari unagusa pembetatu mbili, kwa hiyo 3F = 2E. Ukiiweka hii ndani ya ile ya kwanza na kuzidisha kwa tatu, unapata 3V − E = 6, yaani 6V − 2E = 12. Na 2E ni nini? Ni jumla ya majirani wa nukta zote, maana kila mstari umehesabiwa mara mbili, mara moja kila ncha.

Kwa hiyo: kwa kila chembe, toa idadi ya majirani zake kwenye 6, kisha jumlisha chembe zote. Jibu kwenye tufe ni 12. Mwenye majirani sita anachangia 0, mwenye watano +1, mwenye saba −1, mwenye wanne +2. Unaweza kuwa na tano 12 peke yake, au tano 20 pamoja na saba 8, au nne 6. Idadi ya kasoro inabadilika, jumla haibadiliki.

Kuna njia ya pili ya kuliona jambo hilo, kwa digrii. Tufe zima lina mpindo wa jumla wa digrii 720. Kila jicho la pembe tano linabeba 60 kati ya hizo. Gawanya: 12. Mwanahisabati Gauss alithibitisha mwaka 1827 kwamba mpindo wa aina hii hauondoki kwa kukunja peke yake, lazima kitu kivutike au kipasuke. Ganda la chungwa ukilibandika mezani linachanika kwa sababu hiyo.

Kama una kipande tu cha tufe, mathalani kitako cha karai, hesabu yake ni rahisi kuliko watu wanavyodhani. Pima upana wa mdomo, ukate nusu, uite a. Pima kina, uite h. Nusukipenyo cha tufe ambalo karai ni sehemu yake ni

R = (a² + h²) ÷ 2h

na idadi ya pembe tano ambazo kipande hicho kinadai ni 6 × h ÷ R. Jaribu kwa tufe zima: kina ni 2R, jibu ni 12. Karai la upana wa sm 24 na kina cha sm 8 lina R = (144 + 64) ÷ 16 = sm 13, na linadai 6 × 8 ÷ 13, yaani 3.7 hivi. Sehemu ya desimali isikutishe. Kipande chenye ukingo wazi kinaweza kuilipia ukingoni, na tutaona namna ya kulihesabu hilo pia.

Zoezi la dakika tano: karatasi

Chora wavu wa pembe sita kwenye karatasi ngumu. Chagua jicho la katikati, kata kutoka kwenye kitovu chake kabari ya digrii 60, kisha unganisha kingo mbili ulizozikata kwa gundi. Karatasi inasimama kama kawa, na jicho la katikati limekuwa la pembe tano. Kila jicho jingine limebaki na pembe sita. Kasoro ya namna hii, ya kabari iliyotolewa au kuongezwa, inaitwa disklinesheni.

Chukua karatasi ya pili, ipasue kutoka kitovuni mpaka ukingoni, na mahali pa mpasuko uongeze kabari ya digrii 60. Sasa una jicho la pembe saba na karatasi inayojikunja kama tandiko la punda, upande mmoja ukipanda na mwingine ukishuka. Tano huvuta uso ufumbe, saba huufanya ujimwage.

Tufe la mikanda sita

Hili ndilo tufe dogo kabisa la msuko huu: macho 12 yote ya pembe tano, na hakuna la sita hata moja.

Tumia mkanda wa plastiki wa kufungia maboksi, wenye upana wa mm 15. Unaokotwa bure nyuma ya maduka ya jumla, haunyonyi maji na unarudi kwenye umbo lake. Ukindu nao unafaa na unapendeza zaidi, lakini uuloweshe kiasi cha kulainika tu. Ukiuloweka usiku kucha utavimba, na ukikauka msuko wote utalegea. Ukindu mkavu nao hupasuka kwenye kona.

Kipimo cha kukumbuka ni nafasi kati ya makutano mawili kwenye mkanda mmoja: iwe takriban mara mbili ya upana wa mkanda. Kwa mkanda wa mm 15, nafasi ni sm 3. Ukiifanya chini ya mara 1.73 ya upana, pembetatu ndogo zinazibika kabisa na mikanda inaanza kupandana. Ukiifanya zaidi ya mara tatu, tufe linakuwa tepetepe na macho yanahama.

Kila mkanda unazunguka tufe zima na kukutana na wengine watano, kila mmoja mara mbili. Hiyo ni makutano 10, na mzingo ni 10 × 3 = sm 30. Ongeza sm 6 za kupandisha ncha juu ya ncha. Kata mikanda sita ya sm 36. Tufe litakuwa na kipenyo cha sm 9.5 hivi. Tafuta katikati ya kila mkanda na uweke alama sm 1.5 kila upande, kisha 4.5, 7.5, 10.5 na 13.5. Vibanio vya nguo kumi na viwili vitakutosha.

1. Panga mikanda mitano mezani ili sehemu zao za katikati zifanye jicho la pembe tano. Kila mkanda upite juu ya jirani yake wa kulia na chini ya jirani yake wa kushoto, kwenye alama za sm 1.5. Bana makutano yote matano.

2. Endeleza ncha. Kwenye alama za sm 4.5, mikanda miwili iliyopita upande huu na upande huu wa mkanda mmoja inakutana na kufunga pembetatu juu yake. Utapata nyota yenye ncha tano. Shika kanuni: mkanda uliotoka juu sasa uende chini, uliotoka chini uende juu. Hapa tayari meza inaanza kukukatalia. Kati ya msuko inanyanyuka. Iache inyanyuke.

3. Mkanda wa sita unazunguka kiunoni, kwenye alama za sm 7.5 za ncha zote kumi. Unapita juu, chini, juu, chini, mara kumi. Chini ya kila ncha ya nyota unafunga pembetatu, na kati ya pembetatu na pembetatu unafunga jicho la pembe tano. Yahesabu hapohapo: moja juu, matano kuzunguka. Ukiona jicho la pembe sita, mkanda wa kiunoni umeruka ncha moja.

4. Pandisha ncha za mkanda wa sita juu ya mwenzake kwa sm 6, uzifiche chini ya makutano mawili yanayofuata. Geuza tufe. Upande wa chini unafuata mpangilio uleule wa upande wa juu, ila umegeuka hatua moja, pembetatu ikikaa chini ya jicho la pembe tano: makutano matano kwenye alama za 10.5, kisha matano ya mwisho kwenye 13.5 yanayofanya jicho la pembe tano la kufungia.

5. Kila mkanda unakutana na ncha yake mwenyewe kwenye ubavu wa jicho hili la mwisho. Usikaze mmoja mpaka mwisho ukamwacha mwenzake. Kaza wote kidogo kidogo, mizunguko miwili au mitatu, ndipo uzifiche ncha.

Hesabu ya ukaguzi: makutano 30, pembetatu ndogo 20, macho ya pembe tano 12. Vipande vya mkanda kati ya makutano ni 60. Na 30 − 60 + 32 = 2.

Makosa yanayotokea zaidi ni matatu. La kwanza, mkanda kupita juu mara mbili mfululizo. Tufe halitakataa kufunga, lakini mkanda huo utateleza na macho mawili yatavimba. La pili, jicho la pembe nne, ambalo unalijua kwa sababu mahali hapo panakaa kama ncha ya embe badala ya mviringo. La tatu, jicho la pembe sita: hapo pamekuwa bapa, na deni lake limehamia kwingine. Usihangaike kulivuta lipinde. Fungua mpaka hapo urekebishe.

Tufe la mikanda kumi, na namna ya kwenda mbele

Sasa ingiza macho ya pembe sita. Tufe linalofuata kwa urahisi lina macho 32: ya tano 12 na ya sita 20, na hakuna pembe tano mbili zinazopakana. Ni mpangilio wa mpira wa miguu wa zamani wa vipande vyeusi na vyeupe. Pia ndio mpangilio wa molekyuli ya kaboni yenye atomu 60, iliyogunduliwa mwaka 1985 na Kroto, Curl na Smalley, wakapata Nobel ya kemia mwaka 1996. Kwenye msuko wako atomu hizo 60 ziko mahali palipo na pembetatu ndogo 60.

Unahitaji mikanda kumi. Kila mmoja una makutano 18, kwa hiyo kwa mkanda wa mm 15 mzingo ni sm 54, urefu wa kukata ni sm 60, na kipenyo ni sm 17 hivi. Hatua ya 1 na ya 2 ni zilezile. Hatua ya 3 ndiyo inayobadilika: badala ya mkanda mmoja wa kiunoni, chukua mikanda mitano mipya, na kila mmoja uupitishe nje ya ncha moja ya nyota ufunge pembetatu. Mikanda miwili iliyo jirani inakatana mbele ya jicho lililo kati yake, na makutano hayo ndiyo yanayolipa jicho pembe ya sita. Kuanzia hapo fuata sheria moja tu: kila jicho la tano lizungukwe na ya sita matano, na kila la sita lizungukwe na ya tano na ya sita kwa zamu. Hapa usiweke alama za vipimo kwenye mkanda, kwa sababu vipande vinavyopakana na pembe tano si lazima vilingane na vile vinavyopita kati ya macho mawili ya pembe sita. Acha msuko ujipime wenyewe, ukaze mwishoni. Ukimaliza: makutano 90, pembetatu 60, macho 32.

Ukitaka kubwa zaidi, tumia namba ya Caspar na Klug, walioitoa mwaka 1962 kueleza maganda ya virusi. Simama kwenye jicho la pembe tano, tembea hatua h za macho ukinyoosha (h hii si ile ya kina cha karai), geuka digrii 60, tembea hatua k, ufike kwenye pembe tano inayofuata. Hesabu T = h² + hk + k². Macho yote ni 10T + 2. T = 1 ni tufe la mikanda sita, T = 3 ni hili la mikanda kumi. T = 4 lina macho 42 na mikanda kumi na miwili yenye makutano 20 kila mmoja; kati ya pembe tano na pembe tano kuna jicho moja la sita. Andika T yako kabla ya kukata mkanda. Anayesuka huku akibuni hujikuta amebakiwa na tundu lisilokubali kufunga, na akihesabu anakuta pembe tano 11.

Mapovu kwenye sinia

Msuko unakupa kasoro ulizozichagua. Chembe zinazojipanga zenyewe hukupa zile zinazozichagua zenyewe, na jicho linahitaji kuzizoea kwanza kwenye bapa. Wanafizikia Bragg na Nye walifanya hivi mwaka 1947 kwa utandu wa mapovu, na bado hakuna njia nzuri zaidi.

Changanya lita 1 ya maji ya mvua, ml 50 za sabuni ya maji ya kuoshea vyombo na ml 50 za gliserini ya duka la dawa. Maji ya mvua ni ya lazima. Maji ya visima vya Unguja na Pemba hupita kwenye mwamba wa matumbawe na chokaa, yana kalisi nyingi, na sabuni ya kipande ndani yake hutoa ukoko mweupe badala ya povu. Hata sabuni ya maji hudhoofika.

Hewa itoke polepole na kwa shinikizo lisilobadilika. Jaza upepo tyubu ya baiskeli, iunganishe na mpira wa dripu ambao haujatumika, na mwisho wake uweke sindano nyembamba iliyokatwa ncha na kusuguliwa msasa. Kile kigurudumu cha kubania dripu ndicho bomba lako la kurekebishia hewa. Zamisha ncha sm 1 chini ya maji, uifunge kwenye kijiti isisogee. Kina kikibadilika au hewa ikibadilika, ukubwa wa povu unabadilika, na mapovu yasiyolingana hayafanyi fuwele. Lenga mm 1 hadi 2. Usifanye mbele ya feni wala dirisha lililo upande wa upepo.

Sinia likishajaa, inamisha macho yako mpaka usawa wa maji na utazame kwenye mistari ya mapovu. Mahali ambapo mstari mmoja unakoma ghafla katikati ya wengine pana dislokesheni. Tazama kutoka juu: ni povu moja lenye majirani watano limeshikana na moja lenye saba. +1 na −1, jumla 0, ndiyo maana bapa inaweza kuzibeba bila kupinda. Sukuma utandu taratibu kwa rula na utaiona jozi hiyo ikiteleza. Panapokutana mafungu mawili yenye mielekeo tofauti utaona safu ya tano, saba, tano, saba. Huo ni mpaka wa punje.

Karai na gololi

Sasa uso uliopinda. Chukua karai lenye kitako cha mviringo. Kabla ya yote hakikisha kwamba ni kipande cha tufe: mimina maji mpaka kina cha sm 2, pima upana wa maji, tafuta R, ongeza mpaka sm 4, tafuta tena. Majibu yakitofautiana zaidi ya asilimia 5, tafuta karai jingine. Mabakuli mengi ya mezani yana kitako bapa na hayafai.

Gololi za chuma za baiskeli zenye kipenyo cha mm 6.35 ni bora kwa sababu zinalingana sana na ni nzito. Zioshe kwa petroli nje ya nyumba, mbali na moto, kisha kwa sabuni, uzikaushe. Utelezi wa grisi huzifanya zishikane kwa vishada. Ukimaliza kazi zirudishe kwenye mafuta, hewa ya bahari huzila kwa siku chache. Shanga za plastiki za mm 8 nazo zinafaa ukizichuja: pima 20 kwa kalipa, na kama tofauti inapita mm 0.3, pakiti hiyo iache.

Weka ngapi? Pembe tano moja inadai sehemu moja ya kumi na mbili ya tufe zima, yaani kina cha R ÷ 6. Kwa karai la R = sm 13 hicho ni kina cha sm 2.2 na upana wa sm 14 hivi. Itachukua gololi 480 za mm 6.35, au shanga 300 za mm 8. Usizidishe sana mwanzoni. Ukuta unavyosimama, gololi za juu huzibana za chini mpaka baadhi zinaruka tabaka la pili.

Gonga ubavu wa karai kwa mwiko, kwa nguvu mwanzoni na kwa wepesi zaidi kadiri unavyoendelea, dakika tano. Ukiacha ghafla zinaganda zikiwa na mipaka mingi ya punje isiyo ya lazima, na utadhani ni umbo limeidai. Piga picha kutoka juu kabisa, simu ikiwa sambamba na mdomo wa karai.

Kuhesabu kwa mkono kunawezekana kwa kalamu juu ya picha iliyochapishwa: nyekundu kwa tano, buluu kwa saba. Kwa kompyuta, lugha ya Python yenye maktaba ya SciPy inatosha. Lakini usiunganishe majirani kwenye picha bapa moja kwa moja, kwa sababu kuelekea ukingoni picha inabana umbali na majirani wanachanganyika. Andika x na y za kila gololi kutoka kitovu, tafuta kimo z = R − √(R² − x² − y²), ukitumia R ya vitovu vya gololi (R ya karai kutoa nusu ya kipenyo cha gololi), kisha chukua ganda mbonyeo la nukta hizo (x, y, z), yaani ganda la pembetatu linalozifunika kwa nje, kwa amri ya ConvexHull. Kwa nukta zilizo juu ya tufe, pembetatu za ganda hilo ndizo majirani sahihi. Zifute zile pembetatu kubwa zinazofunika mdomo.

Ukaguzi wa kipande chenye ukingo ni huu: kwa chembe za ndani, 6 kutoa majirani, kwa chembe za ukingoni, 4 kutoa majirani. Jumla ya zote lazima iwe 6. Si karibu na 6, ni 6. Ikija 5 au 7 umekosea kuhesabu, rudi. Ukishaipata, tazama jumla ya ndani peke yake. Kwenye sinia bapa itakuwa karibu na 0, na hizo 6 zote ziko ukingoni. Kwenye karai lililojazwa mpaka R ÷ 6 itazunguka 1. Rudia mara kumi, kila mara ukichanganya upya. Jaribio moja halitoshi, ukingo una uhuru wa kubeba moja zaidi au kuachia moja.

Makovu na marinda

Utaona jambo ambalo msuko haukukuonyesha. Pembe tano haisimami peke yake. Kutoka kwake inatoka safu fupi ya jozi za tano na saba, ambayo inakoma katikati ya fuwele bila kufika popote. Kwenye bapa mpaka wa punje hukoma ukingoni au kwenye mpaka mwingine. Hapa unaishia hewani. Wanafizikia wanaliita kovu.

Sababu yake ni ukubwa. Mwanafizikia Thomson aliuliza mwaka 1904 elektroni zinazosukumana zitajipangaje juu ya tufe, na elektroni zikiwa chache, pembe tano 12 zilizosambaa sawasawa zinatosha. Chembe zikiwa nyingi, pembe tano moja inalazimika kuzivuta chembe za mbali mno, na gharama ya mvutano huo inakua pamoja na eneo. Jozi za tano na saba hazibadilishi jumla, lakini zikijipanga kwenye safu zinaupunguza mvutano. Mwaka 2003 Bausch na wenzake waliyaona makovu haya kwa darubini, kwenye vijitufe vya plastiki vya takriban mikroni moja vilivyofunika matone ya maji. Yanaanza pale nusukipenyo cha tone kinapozidi takriban mara tano ya nafasi kati ya chembe na chembe, yaani chembe kama 360 kwa tufe zima. Gololi zako, kwa R ya sm 13, ziko kwenye uwiano wa 20, kwa hiyo ukiyaona makovu usidhani ni vumbi au gololi mbovu.

Kwa nyuso za tandiko, Irvine, Vitelli na Chaikin walionyesha mwaka 2010 kwamba kasoro zinaweza kujipanga kama marinda ya gauni: safu za dislokesheni zinazoanza kidogo na kuongezeka kadiri unavyoelekea ukingoni, zikipunguza kitambaa pale kisipohitajika. Fundi cherehani anayetia marinda kiunoni anafanya kazi hiyohiyo.

Pembe saba, na kata

Rudi kwenye mkanda. Anza na mikanda saba kuzunguka jicho moja, uifunge duara la macho saba ya pembe sita, kisha duara la pili. Usilazimishe ilale; inapanda na kushuka kama sikio la tembo. Nafasi ileile ya mara mbili ya upana inafaa, ila bana kila makutano, maana hapa mikanda inasukumana kwenda nje na inachomoka.

Ukishaizoea, suka kata, ile ya kuwekea ndoo kichwani, lakini tupu ndani kama tyubu. Kanuni ya Euler kwa umbo hili inatoa 0 badala ya 2, kwa hiyo jumla ya kasoro ni 0. Nusu ya nje inapinda kama tufe na ina digrii 720. Nusu ya ndani, inayozunguka tundu, inapinda kama tandiko na ina −720. Panga basi pembe tano 12 upande wa nje na pembe saba 12 upande wa ndani, kila saba ikitazamana na tano yake. Anza na duara la ndani, kwa sababu ndilo gumu kufikia baadaye, na ulifunge kwa uzi wa rangi kila penye saba. Kata ikigoma kukutana, au ikikutana huku ubavu mmoja umevimba, usiiongeze mikanda. Zihesabu saba tena kwa kidole kupitia tundu la katikati: karibu kila mara moja imesukwa ikawa sita, na iko upande usiouona.